Nafsineni na Hasira: Uhakiki wa Albamu ya Centerfield (1985) ya John Fogerty kwa Jicho la Ushairi wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki Centerfield, albamu ambayo mwimbaji mkongwe wa roki wa Marekani, John Fogerty, aliitoa Januari 1985 baada ya kimya cha takribani miaka 10. Fogerty alitunga nyimbo zote 9, akaziimba, akapiga ala zote na kuitayarisha albamu yeye mwenyewe. Kwa kutumia dhana za nafsineni, fumbo na mtindo kama zilivyozoeleka katika uhakiki wa ushairi wa Kiswahili, makala yanadai kwamba albamu hii inafaulu pale mtunzi anapoipitisha hasira yake katika kinywa cha nafsineni ambaye si yeye, na inalegea pale nafsineni na mtunzi wanapokuwa mtu mmoja. Mashauri ya mahakamani yaliyoifuata yanachukuliwa hapa kuwa sehemu ya historia ya mapokezi yake, kwa kuwa yaliuliza maswali yaleyale ambayo mhakiki hana budi kuyauliza.

1. Utangulizi

Kwa nini jarida la Kiswahili lijishughulishe na albamu iliyoimbwa kwa Kiingereza? Jibu la makala haya ni kwamba istilahi za uhakiki hukomaa zinapopimwa nje ya uwanja zilikozaliwa. Tumezoea kuyachukua maneno ya wahakiki wa Ulaya na kuyajaribu juu ya Muyaka na Shaaban Robert. Safari ya kinyume hufanywa mara chache. Iwapo dhana ya fumbo, ambayo ushairi wetu umeifanyia kazi kwa karne kadhaa, ina nguvu ya kinadharia, basi inapaswa kutueleza jambo kuhusu matini ambayo haikutungwa kwa ajili yetu.

Historia ya mtunzi inaweza kuelezwa kwa ufupi. John Fogerty alizaliwa Berkeley, California, tarehe 28 Mei 1945. Alikuwa mwimbaji, mpiga gitaa na mtunzi mkuu wa bendi ya Creedence Clearwater Revival, ambayo kati ya 1968 na 1972 ilitoa albamu 7, tatu kati ya hizo ndani ya mwaka 1969 pekee. Bendi ilivunjika mwaka 1972. Nyimbo zilibaki mali ya kampuni ya kurekodi ya Fantasy, iliyokuwa chini ya Saul Zaentz, mtu ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa utayarishaji wa filamu, ikiwamo Amadeus ya 1984. Ili afunguliwe kutoka katika mkataba wake, Fogerty aliiachia kampuni hiyo mirabaha yake ya nyimbo za bendi. Akatoa albamu mbili peke yake, ya pili mwaka 1975. Iliyokusudiwa kufuata, Hoodoo ya 1976, haikutolewa. Baada ya hapo ni kimya hadi Centerfield, ambayo mwezi Machi 1985 ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya Billboard nchini Marekani.

Muhtasari huo unatupa hali ya utungaji ambayo ni muhimu kwa hoja yetu. Huyu ni mtu mwenye hasira ya haki kwa namna alivyoiona mwenyewe, aliyepoteza umiliki wa kazi zake za ujana lakini si sauti yake, na aliyekaa peke yake studioni bila mwenzake wa kumwambia kwamba hapa umezidisha. Kila mlio unaosikika, kuanzia ngoma na besi hadi gitaa na saksafoni, umetoka mikononi mwake. Swali ni hili: katika kazi ambayo sauti zote ni za mtu mmoja, nani anasema?

2. Nafsineni na hatari ya kutengana kidogo

Wahakiki wa Kiswahili hutumia neno nafsineni kwa maana ya sauti inayosema ndani ya shairi, ili kuitenga na mtunzi mwenye jina na anwani. Mgawanyo huu hufundishwa darasani kama tahadhari ya kawaida, kwamba mwanafunzi asimhukumu mshairi kwa maneno ya mhusika wake. Lakini umbali kati ya mtunzi na nafsineni ni zaidi ya tahadhari ya msomaji. Ni nyenzo ya kisanaa ambayo mtunzi anaweza kuipanua au kuibana, na upana wake una matokeo.

Katika Centerfield umbali huo hubadilika kutoka wimbo hadi wimbo. Nyimbo ambazo zimedumu ni zile ambazo umbali ni mkubwa. Tuanze na uliofungua albamu, "The Old Man Down the Road". Anayesimuliwa ni mtu wa ajabu anayeweza kuchukua radi na umeme, mwenye jicho jeusi na sanduku lililofunikwa ngozi ya nyoka, anayesema kwa mafumbo na kusimama katikati ya njia. Nafsineni hamtaji kwa jina, haelezi ametoka wapi wala anataka nini. Anamwonya tu nafsinenewa ajifiche.

Mfasiri wa Kiswahili anayeukabili wimbo huu atakwama katika neno la kwanza la jina lake. "Mzee" kwa Kiswahili ni neno la heshima kabla ya kuwa neno la umri, na kulitumia hapa kungempa mhusika huyu kiti cha baraza asichostahili. "Kizee" kinamdunisha mno. Pengine "jizee" ndilo linalokaribia, kwa kuwa kiambishi ji- huongeza ukubwa na kuondoa heshima kwa pamoja. Ugumu huo unatuonesha alichokifanya mtunzi: amechukua neno la kawaida kabisa la Kiingereza na kulipa tishio kwa njia ya muktadha pekee. Msikilizaji anayejua habari za Fantasy anaweza kumwona mwenye kampuni katika taswira hiyo. Asiyejua atamwona mchawi, mauti, au mkubwa yeyote aliyewahi kumzibia njia. Wimbo hauhitaji ufunguo ili ufanye kazi, na hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya fumbo zuri.

Sifa ya pili iko katika lugha. Vitenzi kadhaa vya wimbo huo vimeachwa bila kiambishi ambacho Kiingereza sanifu hudai katika nafsi ya tatu umoja. Huo ni mwelekeo unaotambulika katika Kiingereza cha Wamarekani Weusi na katika baadhi ya lahaja za Kusini mwa Marekani. Fogerty ni mtu wa California. Kwa miaka yote ya bendi yake aliimba juu ya mito na vinamasi vya Louisiana, mahali ambapo hakuzaliwa wala kulelewa, na kuna wanaouona uimbaji huo kuwa ni wa kuigiza. Kwa msomaji wa ushairi wa Kiswahili, lawama hiyo haina uzito mkubwa. Mtunzi wa bara anayeandika "mato" badala ya "macho", au "ndoo" badala ya "njoo", hadai kwamba alizaliwa Lamu au Mombasa. Anaingia katika rejista ambayo mapokeo yameitenga kwa kazi ya ushairi. Mkazi wa Iguguno, mkoani Singida, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kinyiramba, akiamua kutunga wimbo kwa Kiswahili chenye ladha ya mwambao, hatutamwita mwongo. Tutauliza kama rejista aliyoichagua imebeba mzigo aliotaka kuubeba. Kwa Fogerty imebeba. Lahaja aliyoazima ndiyo ukuta wa kwanza kati ya mtunzi mwenye kesi na nafsineni mwenye hofu.

3. Chanzo cha habari kama msimamo

Wimbo wa nne, "I Saw It on T.V.", unaonekana mwanzoni kuwa orodha tu. Nafsineni anapitia historia ya Marekani ya miaka yake kama ilivyoonekana kwenye runinga: vipindi vya watoto, kuuawa kwa rais, vijana wanne wa Uingereza na magitaa yao, kisha vita. Kiitikio kinarudia jambo moja, kwamba haya yote aliyaona kwenye runinga.

Wanaisimu wataitambua hapa dhana ya chanzo cha habari, yaani namna msemaji anavyoashiria amejuaje anachokisema. Zipo lugha ambazo hulifanya jambo hili kuwa la lazima kwa kiambishi maalumu katika kitenzi. Kiswahili na Kiingereza havimo katika kundi hilo. Kiswahili hutumia vijineno kama "eti" na "ati", ambavyo licha ya kuonesha kuwa habari ni ya kusikia, humwachia msemaji nafasi ya kuitilia shaka. Kiitikio cha Fogerty kinafanya kazi ya "eti" iliyorefushwa. Mara ya kwanza kinasema: nilikuwepo, nilishuhudia. Kadiri kinavyorudiwa kinageuka kuwa: sikuwepo, nilioneshwa.

Nguvu ya wimbo inakuja katika ubeti wa mwisho, ambapo kwa ghafla anaingia mzee aliyekaa barazani kwake, mwanawe wa pekee amechukuliwa, na wale waliohusika na udanganyifu wako huru na matajiri. Habari hii haikuonekana kwenye runinga. Kiitikio kikirudi baada ya ubeti huo kimekuwa kitu kingine, kwa sababu tumetoka kuoneshwa jambo ambalo kioo hakikulionesha. Hakuna kiongozi aliyetajwa kwa jina katika shutuma hiyo. Hata hivyo hakuna msikilizaji wa kizazi hicho aliyehitaji kuambiwa. Hasira ya wimbo huu ni kali kuliko ya wimbo mwingine wowote katika albamu, na inasemwa kwa sauti ya chini na kinywa cha mtu mwingine.

Wimbo uliobeba jina la albamu unafuata njia hiyo kwa namna nyepesi. Nafsineni ni mchezaji wa besiboli aliyekaa benchi akimwomba kocha amwingize uwanjani, katika nafasi ya katikati ya uwanja wa nyuma. Ni dhahiri kwamba mwimbaji aliyekaa nje miaka 10 anajisemea. Lakini anajisemea kupitia kijana ambaye hana kinyongo, mwenye hamu tu ya kucheza, na lugha ya uwanjani inamzuia mtunzi asiingize malalamiko yake. Uchangamfu huo ungekuwa wa bandia kama angesema kwa jina lake mwenyewe.

4. Pale pazia linapoanguka

Katika nyimbo mbili Fogerty ameliondoa pazia. "Mr. Greed" ni shutuma kwa mtu mlafi. "Zanz Kant Danz", uliofunga albamu, unasimulia juu ya nguruwe aliyefunzwa kuwaibia watu mifukoni huku mwenzake akicheza dansi mtaani. Jina la nguruwe huyo lilikaribia mno jina la Zaentz, na baada ya tishio la kisheria herufi moja ilibadilishwa, Z ya mwanzo ikawa V. Zaentz alifungua madai ya kukashifiwa ambayo yalimalizwa kwa maafikiano.

Mtu anaweza kusema kwamba "Zanz" nao ni fumbo, kwani unatumia mnyama. Hapa ndipo mapokeo yetu yanapotusaidia kutofautisha. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijitabu chake Kenya: Twendapi?, kilichosema waziwazi. Akiwa gerezani alitunga mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kama Sauti ya Dhiki, na mojawapo ni "Mamba". Mnyama wa Abdilatif ni mnyama kamili: ana tabia zake, nguvu zake na ukomo wake, na shairi linaweza kusomwa na mtu asiyejua lolote juu ya siasa za Kenya akabaki na hekima juu ya nguvu na ukomo wa nguvu. Nguruwe wa Fogerty hana maisha yake. Kila alichonacho amepewa ili amfanane mtu mmoja. Ukimwondoa mtu huyo wimbo unabaki mtupu, na mlio wa ngoma za kielektroniki unaoufuata hauusaidii. Methali inasema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Fumbo ambalo hata mjinga amekwisha kuligangua kabla ya ubeti wa kwanza kwisha ni tusi lililovaa kanga.

Haifuati kwamba kutaja jina ni kasoro ya kisanaa. Siti binti Saad aliimba "Kijiti", wimbo wa Unguja unaomtaja muuaji na kuilaumu mahakama ya kikoloni iliyowaadhibu mashahidi huku mwenye kosa ametoroka. Wimbo huo unataja na bado una nguvu. Tofauti haiko katika jina. Iko katika swali la nani anasema. Katika "Kijiti" nafsineni ni mji: sauti ya watu walioona haki imepindishwa na ambao hawakuwa na baraza lingine isipokuwa wimbo. Katika "Mr. Greed" na "Zanz" nafsineni ni mdai mmoja, na msikilizaji amewekwa katika nafasi ya hakimu ambaye amesikia upande mmoja tu. Anaweza kukubaliana na mdai. Mimi nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Ila kukubaliana na mtu si sawa na kuguswa na wimbo wake.

Upweke wa utayarishaji unaonekana hapa kwa ubaya wake. Katika ngoma za kujibizana, kama katika malumbano ya washairi wa Mombasa wa enzi za Muyaka, matusi husafishwa na ukweli kwamba kuna mpinzani atakayejibu kwa bahari ileile na vina vikali zaidi. Mtu anayejibizana na ukuta hunoa upande mmoja wa kisu.

5. Mtindo ni wa nani?

Shauri la pili ndilo lililoifanya albamu hii ijadiliwe hata na wasiosikiliza roki. Kampuni ya Fantasy ilidai kwamba "The Old Man Down the Road" ni nakala ya "Run Through the Jungle", wimbo wa 1970 ambao Fogerty mwenyewe aliutunga lakini hakimiliki yake ilikuwa ya kampuni. Kwa maneno mengine, alishitakiwa kwa kujifanana. Mwaka 1988, mbele ya jopo la raia waamuzi mjini San Francisco, Fogerty alipanda kizimbani na gitaa na kuonesha jinsi anavyotunga. Alishinda. Suala la gharama za wakili, zaidi ya dola milioni 1.3, lilifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1994 iliamua kwamba mshitakiwa aliyeshinda apimwe kwa kigezo kilekile anachopimiwa mlalamikaji aliyeshinda.

Kwa mwanaisimu, swali la jopo lile lilikuwa swali la lahajanafsi: je, sifa za usemi wa mtu mmoja zinaweza kutengwa na mtu huyo na kuuzwa? Nyimbo hizi mbili zimejengwa kwa namna inayokaribiana, juu ya mkufu mfupi wa noti unaorudiwarudiwa na hali ya tishio. Lakini hizo ni sifa za mkono na koo, kama kasi ya mtu anavyotamka au neno analolipenda. Kanuni ya jumla ya hakimiliki hulinda usemi mahususi na si wazo wala namna ya kutenda.

Muziki wa dansi wa Tanzania unatupa mwanga wa pekee kuhusu jambo hili, kwa sababu kwetu neno mtindo lilikuwa na maana ya umiliki wa kikundi. Bendi ilikuwa na mtindo wenye jina: Msondo wa NUTA na baadaye JUWATA, Sikinde ya Mlimani Park, Ndekule ya Orchestra Safari Sound. Muhidin Maalim Gurumo alipotoka JUWATA mwaka 1978 kwenda kuanza na Mlimani Park, aliuacha Msondo. Alipokwenda Safari Sound mwaka 1985, aliiacha Sikinde. Jina la mtindo lilibaki na bendi, na vyombo vilibaki na mwenye bendi. Koo la Gurumo halikubaki. Msikilizaji wa redio, awe Dar es Salaam au Iguguno, alimtambua kwa mstari mmoja, katika mtindo wowote. Mapokeo yetu, bila mahakama, yalikuwa yamekwisha kutenga mambo mawili ambayo Fantasy iliyachanganya: mtindo kama bendera ya kikundi, unaoweza kuachwa nyuma, na sauti kama alama ya mtu, isiyoachika.

Tukiurudisha mgawanyo huu kwenye albamu, tunaona jambo ambalo hukumu haikulazimika kulisema. Ushahidi bora wa Fogerty ulikuwa Centerfield yenyewe. Bendi haikuwepo, kampuni haikuwepo, mpiga ngoma na mpiga besi wa zamani hawakuwepo, na bado mlio ni ule. Hili lisingethibitika kama angekodi wanamuziki stadi. Udhaifu wa kupiga ala zote peke yake, unaosikika katika ngoma ambazo mahali pengine ni ngumu na zisizopumua, ndio gharama ya uthibitisho huo.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba kazi ya mtu mmoja haiwi moja kwa moja kazi ya sauti moja. Katika nyimbo bora za Centerfield, mtunzi aliyepiga ala zote ameweza kuwaachia kinywa watu wengine: mwenye hofu njiani, mzee wa barazani, kijana wa benchi. Katika zile mbili alizozikusudia adui yake, hakumwachia mtu yeyote. Zilimletea kesi, na miongo minne baadaye ndizo zinazosikika kuzeeka zaidi.

Mwaka 2023 Fogerty alipata tena sehemu kubwa ya haki za uchapishaji wa nyimbo zake za Creedence. Habari hiyo ni njema, lakini haibadilishi tathmini ya nyimbo za hasira. Mdai aliyeshinda hana haja nazo tena, wakati "The Old Man Down the Road" haukuwahi kutegemea ushindi wake.

Kwa watafiti wa fasihi ya Kiswahili, uhakiki huu unapendekeza kazi mbili. Kwanza, umbali kati ya mtunzi na nafsineni uchunguzwe kama kipimo cha ubora katika nyimbo zetu za shutuma, hasa mipasho ya taarabu na nyimbo za kisiasa, badala ya kubaki kanuni ya kumzuia mwanafunzi asikosee. Pili, majina ya mitindo ya bendi zetu yakusanywe na kuchambuliwa pamoja na sauti za waimbaji waliohama, kwani humo imo nadharia ya mtindo ambayo wanamuziki wetu waliitumia kila walipohama bendi, ila hatujaiandika.